Kabla ya Tufani: Mpango wa Kuendeleza na Kurejesha Huduma za Usharika katika Pwani ya Mnazi Bay

Utangulizi

Kila usharika unao mpango wa Jumapili ijayo. Mhubiri anajulikana, nyimbo zimechaguliwa, na wazee wa zamu wamekwisha kutajwa. Lakini tukiuliza juu ya Jumapili ambayo kanisa halina paa, barabara imekatika, mchungaji hapatikani, na daftari la ubatizo limelowa maji ya chumvi, mara nyingi hatupati jibu. Wengine watasema kwamba siku hiyo Mungu atajua. Ni kweli kwamba Mungu atajua. Hata hivyo, swali lililo mbele yetu ni kama sisi, tuliokabidhiwa kundi, tutajua la kufanya.

Makala hii yakusudia kueleza jambo ambalo serikali, mabenki na mahospitali hulifanya kwa utaratibu, nalo ni kupanga mapema jinsi huduma zitakavyoendelea wakati wa maafa na jinsi zitakavyorejeshwa baadaye. Mfano wetu ni pwani ya Mtwara, kuanzia rasi ya Msimbati na Mnazi Bay hadi mlango wa Mto Ruvuma. Tumeichagua kwa sababu katika eneo hili hatari za bahari, za mto, za mpaka na za uchumi wa kisasa zimekutana mahali pamoja.

1. Pwani na hatari zake

Wasomaji wengi wanalijua jina la Mnazi Bay kwa ajili ya gesi. Iligunduliwa huko mwaka 1982, na tangu miaka ya 2000 imetumika kuzalisha umeme wa Mtwara. Mwaka 2015 bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 lilianza kuipeleka Dar es Salaam. Mwaka 2000 eneo hilo pamoja na maingilio ya Ruvuma lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650. Ndani yake mna vijiji vya wavuvi na wakulima wa minazi na mikorosho, miamba ya matumbawe, na misitu ya mikoko ambayo hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nyumbani kwa watu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba tufani kubwa ni mambo ya Msumbiji na Madagaska, si ya pwani yetu. Imani hiyo ina sababu yake, kwa maana karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauzipi pepo nguvu ya kutosha kujizungusha na kuwa kimbunga. Lakini jambo lililo nadra si jambo lisilowezekana. Mwezi Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzivunja merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa zimetia nanga bandarini. Pemba haikupata madhara makubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mwezi Aprili 1952 tufani nyingine iliupiga mji wa Lindi.

Katika siku zetu twakumbuka mambo mawili. La kwanza ni kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari, na viongozi wa Mtwara wakawataka wakazi wa mabondeni na ufuoni wahamie mahali pa juu penye majengo imara. Shule na kazi nyingi zilisimamishwa. Tarehe 25 Aprili kimbunga kilitua kusini ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikaua watu zaidi ya 40 na kubomoa maelfu ya nyumba. Mtwara ilinusurika. La pili ni kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Upepo wake ulikuwa umepungua, lakini mvua zake ziliikata barabara kuu ya kusini katika wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa miongoni mwa mahali palipoharibika, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikakosa njia yao ya kawaida ya kwenda Dar es Salaam. Siku nane tu baada ya Hidaya kufika Mafia, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika sana katika Tanzania na nchi za jirani.

Hatari nyingine hazitoki baharini. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na watu wenye silaha. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ulivamiwa, na maelfu ya watu wakakimbia. Hivyo mtumishi wa pwani hii hana budi kufikiri juu ya maji, upepo, kukatika kwa barabara na mawasiliano, na jeuri ya wanadamu.

2. Je, kupanga ni kukosa imani?

Swali hili lapasa kujibiwa kwanza, maana pasipo jibu lake mpango wowote utabaki kuwa karatasi ya ofisini. Yakobo awaonya wafanya biashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima bila kumkumbuka Bwana (Yak. 4:13-16). Wako wanaolitumia onyo hilo kukataa kila mpango. Lakini Yakobo hakemei kupanga, bali majivuno ya yule anayedhani kesho ni mali yake. Mpango wa maafa husimama upande mwingine kabisa, kwa kuwa huanza kwa kukiri kwamba kesho si mali yetu.

Yusufu alipofasiri ndoto ya Farao hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa shauri la kuweka akiba sehemu ya tano ya mazao katika miaka ya shibe (Mwa. 41:34). Neno la Mungu lilifunua hatari, na hekima ya mwanadamu ikajenga ghala.

Katika historia ya kanisa letu tunao mfano ulio wazi. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala Johann aliagiza chuo kikuu kihamishiwe Jena, na masomo yakaendelea huko hadi mwaka uliofuata. Luther na Bugenhagen walibaki mjini kuwahudumia wagonjwa. Wakati huohuo Luther aliwajibu kwa maandishi wachungaji wa Breslau waliouliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Jibu lake lilikuwa na pande mbili. Mwenye wajibu kwa wengine, kama mhubiri, hakimu au mganga, asiondoke ikiwa kuondoka kwake kutawaacha watu bila huduma. Lakini wakiwapo wengine wa kutosha na wakikubaliana, si dhambi baadhi yao kuondoka. Tena aliwakemea wale wanaodharau dawa na tahadhari, akiwaona kuwa wanamjaribu Mungu.

Katika habari hiyo mna mambo yote ya mpango mzuri. Huduma iliyoweza kuhamishwa ilihamishwa. Huduma isiyoweza kuhamishwa ilibakiwa na watu waliojulikana. Na ruhusa ya kuondoka ilitegemea swali moja: nani atabaki na wenye shida?

3. Tahadhari isiyotimia

Baada ya Aprili 2019 lilibaki jaribu jingine. Watu walioacha nyumba zao na kurudi wakizikuta nzima wangeweza kusema kwamba walisumbuliwa bure. Hapa kitabu cha Yona kina neno kwa wahubiri. Ninawi ilionywa, haikuangamia, na nabii akakasirika kwa sababu onyo lake halikutimia. Mungu hakuiona hasira hiyo kuwa haki. Mtabiri wa hali ya hewa hutaja uwezekano, naye hafanyi hivyo kwa kuapa. Kimbunga kinachogeuka kidogo tu baharini huiacha Mtwara na kuliangukia Cabo Delgado. Ni afadhali kuhama mara tatu na kurudi salama kuliko kukaa mara moja na kuzikwa.

Lakini shukrani yetu nayo ina mpaka. Waliokufa ng'ambo ya Ruvuma hawakuwa wenye dhambi kuliko sisi, kama vile wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Lk. 13:4). Mhubiri anayesema kwamba Mtwara iliokolewa kwa sababu ya maombi yake, na asiseme lolote juu ya wafu wa ng'ambo, amesema neno asilopewa.

4. Hatua za mpango

Mpango wa namna hii haufanywi kwa kuorodhesha maafa yote yanayowezekana, maana orodha hiyo haina mwisho. Huanza na huduma. Baraza la wazee likae na kujibu maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe.

(a) Huduma zetu ni zipi, na ipi haiwezi kusimama? Usharika waweza kuwa na ibada, mafundisho ya kipaimara, mazishi, shule ya awali, zahanati, malipo ya watumishi, na huduma kwa wajane na wagonjwa majumbani. Si zote zenye haraka sawa. Semina ya uimbaji yaweza kungoja miezi miwili. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja saa mbili.

(b) Kila huduma yaweza kusimama kwa muda gani kabla madhara hayajawa makubwa? Chanjo za zahanati huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo muda wake huhesabiwa kwa saa tangu umeme ulipokatika. Mgonjwa anayetumia dawa kila siku hana siku za kupoteza, na akiba yake isiwe ya siku mbili tu. Mshahara wa mwinjilisti waweza kuchelewa siku chache, lakini si mwezi mzima wakati nyumba yake imeanguka. Muda huo ukiandikwa, mabishano ya siku ya maafa hupungua.

(c) Kila huduma hutegemea nini? Hapa ndipo udhaifu hufichuka. Twaweza kudhani kwamba tuna njia nyingi, kumbe zote hupita mahali pamoja. Dawa, saruji, barua na wageni hutegemea barabara moja ya pwani. Sadaka za simu, mawasiliano na mkuu wa jimbo, na taarifa za benki hutegemea mtandao uleule. Ufunguo wa sanduku la fedha unaye mhazini peke yake. Sultani Barghash alikuwa na merikebu nyingi, lakini zilikuwa katika bandari moja.

(d) Njia ya pili ni ipi? Barabara ya Kilwa ikikatika, iko ile ya kupitia Masasi, Tunduru na Songea, iliyo ndefu na ya gharama zaidi, na fedha yake yafaa kutengwa mapema. Mtandao ukikatika, iwepo fedha taslimu kiasi, chini ya watu wawili, pamoja na orodha ya namba za simu iliyoandikwa kwenye karatasi. Jengo la kanisa likibomoka, ijulikane tangu leo kwamba ibada itakuwa chini ya mwembe fulani au katika darasa la shule fulani, kwa makubaliano na wenye mahali hapo.

(e) Nani anaamuru, na asipokuwapo ni nani? Kila kazi iwe na mtu wake na makamu wake wawili. Mchungaji naye ni mtu, anaweza kuumia, kufiwa, au kuwa safarini. Mpango unaosema kwamba mchungaji ataamua ni mpango wa mtu mmoja.

Kurejesha huduma ni sehemu ya pili, nayo ina utaratibu wake. Kwanza watu wahesabiwe na majeruhi wahudumiwe. Kisha huduma zirudishwe kwa kufuata orodha ya muda iliyokwisha kuandikwa, si kwa kufuata sauti ya mwenye kelele zaidi. Mwisho majengo yajengwe upya. Katika hatua hii kosa la kawaida ni kulijenga jengo lilelile mahali palepale. Paa lililong'olewa kwa sababu mbao hazikufungwa kwenye ukuta litang'olewa tena, na nyumba iliyosimama pale ambapo mikoko ilikatwa itafikiwa tena na maji. Kuilinda mikoko na kuipanda upya ni sehemu ya mpango.

5. Chombo cha udongo

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kumbukumbu. Daftari la ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi ni kumbukumbu ya kazi ya Mungu katika maisha ya watu, na mara nyingine ni ushahidi wa umri, wa ndoa au wa urithi. Mjane anayegombaniwa shamba la mikorosho na ndugu za marehemu aweza kuwa hana karatasi nyingine ila cheti cha ndoa cha kanisa. Daftari likipotea, haki yake yaweza kupotea nalo. Hatimiliki ya kiwanja cha kanisa iko katika hali hiyohiyo.

Yeremia, huku Yerusalemu ikiwa imezingirwa, alinunua shamba na kuagiza hati zake mbili, iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yer. 32:14). Aliweka nakala, akachagua chombo kinachostahimili, na alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba baada ya maafa watu watarudi kununua mashamba. Tumaini lake lilionekana katika namna alivyotunza karatasi. Na mfalme Yehoyakimu alipolichoma gombo, Baruku aliliandika tena kutoka kinywani mwa nabii, na maneno mengine mengi yakaongezwa (Yer. 36:32). Iliwezekana kwa sababu aliyelitoa neno alikuwa bado hai. Daftari zetu hazina Yeremia wa kuzisema tena.

Kwa hiyo kila usharika uwe na nakala ya daftari zake mahali pengine, mbali na pwani, kwa mfano katika ofisi ya jimbo au ya dayosisi. Kurasa zaweza kupigwa picha kwa simu kila mwisho wa robo ya mwaka. Tukichagua robo ya mwaka, tumekubali kwamba twaweza kupoteza kumbukumbu za miezi mitatu. Usharika wenye ubatizo mwingi huenda ukachagua mwezi mmoja. Daftari lenyewe liwe katika sanduku lisiloingia maji wala mchwa, juu ya sakafu. Tena nakala hizi zilindwe kwa siri ipasayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaligusa jambo hili, na kabla ya sheria kuna wajibu wa uchungaji. Mahali penye hatari ya jeuri, kama mpakani, orodha ya Wakristo na nyumba zao inayosaidia kuwatafuta watu wakati wa mafuriko yaweza kuwasaliti mikononi mwa wauaji. Jambo hilo lipimwe kabla orodha haijasambazwa.

6. Watu kwanza, na watu wote

Safari ya Paulo katika Matendo 27 yapaswa kusomwa na kila baraza la pwani. Paulo alionya, na akida akamwamini nahodha kuliko yeye. Tufani ilipokuja walifanya kila walichoweza: wakaikaza merikebu kwa kamba, wakatupa shehena, wakapima kina, wakashusha nanga nne. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua Paulo alikataa, maana wenye ujuzi wakiondoka wengine wataangamia. Kabla ya mapambazuko aliwataka wote wale chakula, kwa sababu watu wenye njaa hawaogelei. Mwishoni merikebu ilivunjika, na ngano ikapotea baharini, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Mpango uliokoa kilichopasa kuokolewa.

Tuone pia kwamba wengi wa waliookolewa hawakuwa wa imani ya Paulo. Katika vijiji vya Msimbati na jirani zake Waislamu ni wengi. Usharika utakaofanya mpango wake peke yake utakuwa umepanga nusu ya kijiji, tena nusu iliyo ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Mchungaji na imamu wakae pamoja katika kamati hiyo, wakubaliane ni jengo gani litapokea watu, nani atamchukua mzee asiyeweza kutembea, nani atapiga ngoma au kutangaza kwa kipaza sauti cha msikiti. Siku hiyo mlango wa kanisa hautauliza dini ya mtu.

Hapa yafaa kumrudia Yusufu kwa upande mwingine wa habari yake. Ghala lililowaokoa Wamisri lilikuwa pia njia ya kuwafanya watumwa wa Farao, kwa maana walitoa fedha, mifugo, mashamba, na hatimaye nafsi zao (Mwa. 47:13-21). Mwenye kushika akiba anashika watu. Unga wa msaada usitolewe kwa masharti ya kuhudhuria ibada, wala usipite kwa jamaa za wazee kwanza. Malalamiko ya wajane katika Matendo 6 yalitatuliwa kwa kuchagua watu saba wenye sifa njema, na kazi yao ikajulikana hadharani. Mgawanyo wa wakati wa maafa ufanywe vivyo hivyo, kwa orodha inayosomwa mbele ya watu.

7. Mpango usiojaribiwa

Wazee wa Mtwara na Nachingwea wanaijua habari ya mpango wa karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Mashine ziliagizwa, na kazi ya bandari na reli ikaanza kabla udongo na mvua havijajaribiwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na reli baadaye ikang'olewa. Karatasi zilikuwa nzuri. Hazikuwa zimekutana na ardhi.

Mpango wa usharika nao ujaribiwe. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya mwisho wa mwaka, baraza litumie saa moja kusema: leo umeme hakuna, mchungaji yuko Masasi, maji yameingia zahanati, nani anafanya nini? Ufunguo utafutwe, namba zipigwe, nakala ya daftari ifunguliwe ionekane kama inasomeka. Makosa yatakayoonekana yaandikwe na kusahihishwa. Mpango wa kurasa mbili unaojulikana na watu kumi wafaa kuliko kitabu kinachojulikana na mtu mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba kupanga hakupingani na imani, na kwamba mpango huanza na huduma na muda wake, hufichua mahali tunapotegemea njia moja, hutunza kumbukumbu kwa ajili ya haki za wadogo, na huwatanguliza watu mbele ya mali. Vyuo vyetu vya theolojia vyafaa kulifundisha jambo hili pamoja na uongozi wa usharika, kwa kuwa mwanafunzi wa leo aweza kupangiwa kesho mtaa ulio kati ya bahari na Ruvuma.

Kazi ya kwanza ni ndogo. Katika kikao kijacho cha baraza, mwenyekiti aulize swali la Wittenberg: ikiwa baadhi yetu watalazimika kuondoka, nani atabaki na wenye shida, na ana nini mkononi? Majina yaandikwe kabla kikao hakijafungwa kwa sala.